Mama ameacha dawa za hospitali baada ya "kupimwa mwili mzima": nifanyeje?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, ni mwalimu mstaafu, anaishi Makorora hapa Tanga na mjukuu wake wa kidato cha tatu. Mimi nafanya kazi Dodoma. Mama ana presha na kisukari kwa zaidi ya miaka 10 na kliniki alikuwa anahudhuria vizuri. Miezi miwili iliyopita binti wa jirani alimpeleka ukumbini kwa watu wanaopima mwili mzima kwa mashine. Unashika kichuma tu, hutoi damu, unalipa 10,000. Wakampa karatasi inayosema figo zimechoka, ini lina mafuta, mishipa inaziba na mwili umejaa sumu. Akanunua virutubisho vya shilingi 480,000. Wakamwambia dawa za hospitali ndizo zilizomchosha figo, na kweli ameziacha. Anasema magoti hayamuumi tena na hamu ya kula imerudi. Wiki iliyopita akapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa bima ya afya, kwamba kadi itafungwa asipohakikiwa. Akafuata maelekezo, 650,000 ikaondoka. Nilipomwambia ametapeliwa nilipandisha sauti, na sasa hapokei simu zangu. Je, vipimo vile vina ukweli wowote? Nimnyang'anye simu? Na hii ni dalili kwamba anaanza kupoteza kumbukumbu?"*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mama naye umfikishie pole yangu. Umeuliza mambo matatu na nitayajibu yote. Lakini ndani ya maelezo yako kuna jambo la nne ambalo hukuliweka kama swali, nalo linanitia hofu kuliko hayo mengine: mama mwenye presha na kisukari ana miezi miwili hajameza dawa zake. Pesa iliyopotea inauma, lakini dawa zilizoachwa zinaweza kumletea kiharusi. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Mtu ampeleke mama kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Bombo kesho asubuhi. Usingoje mpaka upate ruhusa kazini. Apimwe presha, apimwe sukari kwa kidole, na daktari aombe vipimo vya figo. Abebe kila chupa na kila pakiti aliyonunua ukumbini, pamoja na ile karatasi ya mashine, na pakiti za dawa zake za zamani kama bado zipo. Kuna makosa mawili ambayo watoto wenye mapenzi mema huyafanya hapa, tafadhali uyaepuke. La kwanza ni kumwamuru mzee kwa simu arudie dawa zote za hospitali leo hii kwa dozi ya zamani. La pili ni kumwamuru azitupe zile chupa na asiziguse tena. Yote mawili yanaonekana kuwa ya busara, na yote mawili yanaweza kumdhuru. Sababu yake nitaieleza nikifika kwenye magoti.

Akionyesha mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, kauli kubadilika, maumivu ya kifua, kichwa kuuma vibaya pamoja na macho kuona ukungu, basi hakuna cha kesho, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hali kadhalika akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa mfululizo, anatapika au anapumua kwa shida. Na akianza kutoka jasho jingi, kutetemeka na kuzungumza maneno yasiyoeleweka, mjukuu ampe maji ya sukari au soda mara moja maadamu anaweza kumeza, kisha safari ya hospitali ianze. Mwandikie mjukuu haya kwenye karatasi. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kuokoa maisha akijua cha kutazama.

Sasa mashine. Kichuma kile hakiwezi kujua hali ya figo. Hakiwezi kujua hali ya ini, wala ya mishipa. Kinachofanyika ni kwamba umeme mdogo sana unapita mkononi, na umeme huo hubadilika kidogo kutegemea ngozi ina jasho kiasi gani na umekikamata kwa nguvu kiasi gani. Basi. Hakuna taarifa ya figo inayopita kwenye kiganja. Yaliyobaki ni programu ya kompyuta. Kumbuka kabla ya kushikishwa kichuma mama aliulizwa nini: jina, umri, jinsia, urefu, uzito. Ukishaiambia programu kwamba huyu ni mwanamke wa miaka 71, yenyewe hutoa kurasa nyingi za majibu zenye rangi nyekundu na kijani, na katika kurasa hizo lazima magoti yawemo, mafuta yawemo, mishipa iwemo. Nani aliye na umri huo asiyeguswa na angalau kimojawapo? Mtu akigusiwa kimoja anachokijua, huamini na kumi asivyovijua.

Ukitaka kuthibitisha bila kubishana na mtu, kuna njia rahisi. Mtu mmoja apimwe, kisha arudi siku nyingine apimwe tena, safari hii akitaja umri wa miaka 25 na uzito tofauti. Figo zilezile, ini lilelile. Utaona karatasi ya pili inavyobadilika.

Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Katika damu tunaangalia kreatinini, ambayo ni taka inayotokana na misuli. Figo zikidhoofika, taka hiyo hubaki na kuongezeka. Katika mkojo tunaangalia kama protini inavuja, na kwa mwenye kisukari hiyo ndiyo dalili ya mapema kabisa, hutokea kabla mtu hajahisi chochote. Sukari nayo, mbali na kile kipimo cha kidole, ina kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kufanyika bila tone la damu au chupa ya mkojo. Kwa hiyo mtu akitangaza "vipimo vya mwili mzima bila kutoa damu", tangazo lake lenyewe limeshakujibu. Na hiyo "sumu mwilini", mwombe muuzaji aitaje kwa jina. Sumu yenye jina ina kipimo chake na tiba yake. Isiyo na jina haiwezi kupimwa, na kwa hiyo haiwezi kamwe kusemwa kwamba imeisha. Mteja ataendelea kununua.

Lakini nataka uelewe kwamba waliomuuzia mama hawakusema uongo mtupu, ndiyo maana walimshika. Ni kweli kisukari na presha huharibu figo. Ni kweli zipo dawa ambazo daktari huzipunguza au kuzibadilisha figo zikishuka. Walichofanya ni kuchukua ukweli huo na kuugeuza chini juu, wakasema dawa ndiyo iliyoharibu. Ukweli ni kwamba baadhi ya dawa za presha tunazowapa wenye kisukari tumezichagua kwa sababu hiyohiyo ya kulinda figo zao. Mama ameacha kinga akidhani ameacha sumu. Akielezwa hivyo na daktari mbele ya majibu yake halisi ya damu, ataelewa. Ni mwalimu.

Nije kwenye magoti, maana mama atakuuliza, na ana haki ya kuuliza: "Kama dawa zao ni za uongo, mbona magoti yamepona?" Usimjibu kwamba anajidanganya. Inawezekana kabisa maumivu yameisha kweli. Duniani kote, maabara za serikali zimekuwa zikikuta dawa za hospitali zimefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "asili" au "virutubisho", na lebo haizitaji. Katika bidhaa za maumivu hukutwa dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, au dawa za maumivu kama diklofenaki. Katika bidhaa za kisukari hukutwa glibenklamidi, dawa ya zamani ya kushusha sukari. Katika zile za nguvu za kiume hukutwa dawa za nguvu za kiume zinazouzwa famasi. Mteja anaona mabadiliko ndani ya siku chache na anakuwa shahidi mwaminifu kwa majirani.

Steroidi ndiyo inayonitia wasiwasi kwa mama yako, kwa sababu umetaja mambo mawili yanayokwenda pamoja nayo: maumivu yaliyokoma haraka na hamu ya kula iliyorudi. Dawa hizi ni nzuri sana mikononi mwa daktari. Mikononi mwa mtu asiyejua kwamba anazimeza, hupandisha sukari, hupandisha presha, huvimbisha uso na miguu, hudhoofisha mifupa na kuuacha mwili wazi kwa maambukizi. Mgonjwa wa kisukari aliyeacha dawa na huku anameza steroidi anasukumwa kutoka pande mbili.

Na hapa ndipo penye sababu ya kutozitupa chupa ghafla. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya jamii hiyohiyo, ambayo mwili huihitaji kila siku ili presha isianguke na mtu aweze kustahimili hata homa ndogo. Mwili ukipewa homoni hiyo kutoka nje kwa wiki nyingi, tezi hupunguza kazi, husinzia. Ukikata ghafla kile kinachotoka nje, tezi haiamki siku hiyo. Mtu huishiwa nguvu, hutapika, presha hushuka, na anaweza kuzimia. Daktari akishuku jambo hili hupunguza taratibu, kwa dawa inayojulikana na dozi inayojulikana. Vivyo hivyo, ikiwa ndani ya chupa kuna dawa ya kushusha sukari na mama akarudia dawa zake za kliniki kwa dozi kamili, sukari inaweza kushuka mno. Ndiyo maana nasema chupa zote zifike mezani kwa daktari kwanza. Inawezekana pia chupa zile hazina kitu zaidi ya unga wa majani. Hilo nalo litajulikana kwa kumpima mama, si kwa kusoma lebo.

Mtu asinielewe vibaya, sisemi dawa za asili ni utapeli. Tanga hatuwezi kusema hivyo. Miaka ya 1990, shirika la Tanga AIDS Working Group liliwakutanisha waganga wa jadi na wahudumu wa hospitali wakawahudumia wagonjwa wa UKIMWI kwa pamoja, kazi iliyojulikana hata nje ya nchi. Nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili watoa tiba hao na dawa zao. Mganga wa kweli anafahamika kwake, ana cheti cha usajili, hakatai mgonjwa wake akapimwe hospitali. Anayekwambia uache dawa za hospitali ndipo zake zifanye kazi, huyo muogope, awe na kibuyu au awe na kompyuta.

Sasa tuzungumze kuhusu mama mwenyewe. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote.

Najua jinsi mikutano ile inavyoendeshwa. Mzee akifika anapewa kiti. Anapewa maji. Kijana aliyevaa vizuri anamsalimia shikamoo, anamwita mama, anakaa naye nusu saa anamsikiliza magoti, usingizi, kizunguzungu cha asubuhi. Jioni anampigia simu kumuuliza anaendeleaje. Linganisha na kliniki zetu: mzee ameamka alfajiri, amekaa kwenye benchi hadi saa tano, na akifika kwa daktari anapata dakika chache, mara nyingi bila hata kutazamwa usoni, kwa kuwa nje kuna foleni. Nasema hivi nikiwa daktari na inaniuma. Mama yako hakununua chupa kwa sababu ni mjinga. Alinunua kusikilizwa, na chupa zikaja pamoja nako. Wewe uko Dodoma, mjukuu yuko shuleni, nyumba ni kimya tangu asubuhi. Mtu wa kwanza aliyekuja na muda wa kumpa alikuwa ni muuzaji.

Wala si kwa mama yako tu. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, wakiwamo wasomi na viongozi, walipanga magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu, na wapo walioacha dawa zao baada ya hapo. Sitaji hilo kumhukumu yeyote. Nalitaja kwa sababu maradhi yasiyoisha huchosha, na aliyechoka hufuata tumaini bila kujali amesoma kiasi gani.

Kwa hiyo kabla ya mashine na simu, rekebisha lile ulilosema kwa sauti ya juu. Akikataa kupokea simu, mtume mtu anayemheshimu, labda dada yake au mwalimu mwenzake wa zamani, afike nyumbani. Au mwandikie ujumbe mfupi usio na hoja hata moja: "Mama nisamehe nilivyosema. Nilikuwa na hofu juu yako." Usianze na neno utapeli. Mzee aliyeaibishwa huficha, na akificha, tapeli hubaki kuwa mtu pekee anayejua kinachoendelea. Wengi wanaotapeliwa mara ya pili hupigwa kwa njia hiyohiyo: mtu mpya anapiga simu akidai ni askari au mwanasheria, anaweza kurudisha zile pesa kwa ada kidogo, na mzee anakubali kimyakimya ili watoto wasijue. Mwambie mama mapema kwamba simu ya namna hiyo huenda ikaja.

Akishapokea simu, mwombe jambo moja tu kwanza: aende akapimwe. Mwambie, "Mama, waliokupima ukumbini wamesema figo zimechoka. Hilo si jambo dogo. Twende tukahakikishe kwa damu." Hapo hujamwambia kuwa kakosea. Umelichukua jambo lake kwa uzito, na ni kweli linastahili uzito.

Kuhusu simu ya "bima ya afya", wacha nikueleze inavyofanya kazi, maana mama akielewa ufundi wake atajikinga mwenyewe kuliko kwa kukatazwa. Mpigaji anaanza na hofu: kadi itafungwa leo. Anaweka haraka: mtandao wa ofisi unazimwa saa kumi. Kisha anamwongoza mzee kwenye menyu ya fedha ya simu yake na anaongea bila kunyamaza ili mzee asipate nafasi ya kusoma kioo. "Bonyeza moja. Weka namba ya ofisi yetu. Sasa weka namba ya uhakiki, sita tano sifuri, sifuri sifuri sifuri. Malizia kwa namba yako ya siri." Ile "namba ya uhakiki" ndiyo kiasi cha fedha. "Namba ya ofisi" ni ya wakala au ya mtu. Mama ametuma pesa kwa mkono wake mwenyewe akiamini anajaza fomu. Njia nyingine ni ya tarakimu zinazoingia kwa ujumbe: tapeli anajaribu kuingia kwenye akaunti ya mama kutoka simu nyingine, mtandao unamtumia mama tarakimu za kuthibitisha, naye anaombwa azisome.

Hakuna bima ya afya, mfuko wa pensheni wala benki inayohitaji namba ya siri ya simu ili kuhakiki mtu. Mama akiwa na shaka na kadi yake ya NHIF, aende dirishani ofisi za Mfuko. Akiwa na shaka na pensheni, vilevile. Kampuni za simu zenyewe humpigia mteja kwa namba 100, si kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Hilo moja tu likikaa kichwani, simu nyingi za kitapeli zinaishia hapo.

Sasa ni wiki imepita, na sitakuficha, uwezekano wa kurudisha 650,000 ni mdogo. Ukipiga 100 ndani ya dakika chache, mtandao unaweza kuizuia pesa kabla haijatolewa. Baada ya hapo huwa imeshatolewa kwa wakala. Hata hivyo fanyeni haya: mpige 100 mtoe taarifa, mtume namba ya tapeli kwenda 15040 ambayo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti namba hizo, na mama aende kituo cha polisi akachukue RB, yaani namba ya taarifa yake. Kosa hili linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Abadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Kisha apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Wazee wengi huambiwa na msajili wa mtaani "kidole hakijasoma, weka tena", na kumbe kidole cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine. Akikuta asiyoitambua, aende duka la mtandao husika ikafungwe.

Nimnyang'anye simu? Hapana. Simu ndiyo njia yake ya kukupata wewe, ya kuita msaada akianguka, ya kuongea na wenzake. Ukimnyang'anya umemfungia kwenye upweke uleule uliomfikisha hapa. Kuna njia za katikati. Pesa nyingi zikae benki, na kwenye simu zibaki za matumizi ya wiki. Au awe na laini mbili, moja ya kupokea simu isiyo na huduma ya fedha kabisa, nyingine ya fedha inayokaa kwenye simu ndogo kabatini na namba yake hapewi mtu. Mkubaliane, naye akubali kwa hiari yake, kwamba malipo yoyote yanayozidi kiasi fulani, tuseme 50,000, yanasubiri kesho yake baada ya kuongea nawe au na mtu mwingine mmoja. Huo usiku mmoja wa kusubiri una nguvu kuliko maonyo yote, kwa kuwa tapeli anaishi kwa haraka. Mpe na maneno ya kukata simu bila kuona haya, maana malezi yetu hayaturuhusu kumkatia mtu maneno: "Ahsante baba, mambo yangu ya fedha yanashughulikiwa na mwanangu, nitamwambia akupigie."

Neno moja kuhusu mjukuu. Asipewe namba ya siri ya bibi yake. Simtuhumu mtoto, lakini katika kazi yangu nimeona wazee wengi wanaopotezewa fedha na watu wa ndani kuliko na wageni, na kijana mwenye namba ya siri ya mtu mwingine amewekewa mtihani asioustahili.

Mwisho, kumbukumbu. Kutapeliwa mara moja si dalili ya ugonjwa. Vijana wenye shahada wanatapeliwa kila siku kwa njia hizohizo. Kinachonitia shaka ni mabadiliko: mama aliyekuwa makini na hesabu sasa analipa bili mara mbili, anarudia swali lilelile ndani ya saa moja, anapotea njia kati ya nyumbani na soko la Ngamiani alilolizoea, anashindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote. Muulize mjukuu na majirani, taratibu, bila kumdhalilisha. Na kumbuka kuna mambo yanayofanana na usahaulifu na yanatibika. Masikio yakipungua, mzee huitikia "ndiyo" kwa asichokisikia. Mtoto wa jicho akikua, ujumbe wa simu hausomeki. Sukari ikipanda sana, akili huwa nzito. Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa sana, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huathiri kumbukumbu. Tezi ya shingo nayo ikilegea, mtu huzubaa. Hayo yote daktari anaweza kuyapima, kwa hiyo mtajie shaka yako siku ileile ya presha na sukari. Mkiona ameanza kweli kushindwa kusimamia mali yake, muone afisa ustawi wa jamii wa Jiji na mwanasheria mapema, mama akiwa bado na uwezo wa kusema mwenyewe anamwamini nani.

Umenitajia binti wa jirani. Kabla hujaenda kwao na hasira, fikiri hili: katika biashara za mtindo ule, muuzaji mara nyingi hutakiwa anunue mzigo kwanza kwa pesa yake ndipo aandikishwe, kisha alete watu. Huenda binti ana deni na anaamini kila alichomwambia mama. Waliopanga mkutano ndio wa kuripotiwa, kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mfamasia wa hospitali atakuelekeza mkimpelekea chupa pamoja na risiti. Kwa binti, nenda kwa upole, umwombe majina ya bidhaa zote alizomuuzia mama na tarehe alizozichukua. Daktari atazihitaji. Muulize pia kama mama yake mwenyewe anazimeza, na kama ameacha dawa zozote. Kama ndivyo, wazee wote wawili waende Bombo pamoja asubuhi hiyohiyo.